Sura ya Saba: Gari la Chuma na Machela

Mbwa alifika kwenye ushahidi kabla ya polisi.

Inspekta Nelima alipousukuma mlango wa chumba cha nyuma, pale ukumbi wa kanisa Kiplombe, alilikuta jibwa la kahawia limesimama kwa miguu miwili kama muumini anayeomba, linalamba picha. Halikuwa na haja na upande wa mbele, uliofunikwa shuka jeupe kumsubiri mgeni rasmi. Lilikuwa linalamba nyuma, kwenye mbao tupu, tena kwa bidii, macho limeyafumba.

"Huyo naye amesomea sanaa," Konstebo Waweru alisema. "Muulize nani alichora, twende zetu nyumbani."

"Mtoe nje, Waweru. Halafu urudi na ufunge mlango."

"Haya Profesa, twende."

Nelima alipitisha kidole pale mbwa alipokuwa, akakinusa. Aliinama zaidi. Mbao ilikuwa na chale za kisu, nyingi mno, zimekwenda kila upande kama nyayo za kuku uwanjani. Alikuwa na desturi moja, jambo asilolielewa analiweka mfukoni, siku yake ikifika litajitoa lenyewe.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Mwalimu Janice, wa chuo kule Chepkoilel, alikuwa ameandaa maonyesho ya kazi za mikono za askari waliorudi kutoka vita vya Burma enzi za mkoloni: michongo, bakora, picha. Kubwa kuliko zote ilikuwa hii, upana wake kama nusu mlango, iliyoletwa na Mama Nyaguthii, mjane wa pale pale Kiplombe. Alisema ni mkono wa marehemu bwana yake, Kinuthia. Jana yake, karani mmoja wa mjini, Lawrence Musimbi, aliyeiona picha ikishushwa ukumbini, akaja kituoni ametokwa jasho. Alisema picha ile ilichorwa na babu yake, Nicanor, na kwamba Mama Nyaguthii aliiiba nyumbani kwao. Mkubwa wa kituo hakutaka aibu mbele ya mgeni rasmi. Alimwambia Nelima maneno machache: kabla shuka halijavutwa, ajue picha ni ya nani. Asipojua, picha inakuja kituoni, na mama anakuja nayo, na Jumatatu atasimama mbele ya hakimu.

Bahati moja tu Nelima alikuwa nayo. Mgeni rasmi alikuwa amepiga simu kusema yuko njiani, na kila Mkenya anajua maana yake ni kwamba anatafuta soksi.

Alitoka kumwita Lawrence. Nje, kwenye moshi wa masufuria, mwanamke mnene mwenye kisu mkononi alimzuia njia.

"Wewe ndiye polisi?"

"Ndiye mimi, Mama. Hicho kisu kiteremshe kidogo."

"Mimi naitwa Nyokabi, ndiye natawala jiko hapa. Nataka kuripoti wizi. Tumeibiwa ubao wa nyama. Ubao wa chama cha akina mama, tumekaa nao miaka na miaka. Nimefika asubuhi, mbuzi wanne wamechinjwa, ubao hakuna. Sasa tunakatia nyama juu ya kiti cha mzee wa kanisa, na yeye amesimama pale ananiangalia kama nimemkata yeye."

"Nikimaliza hii kesi nitakuja kwa yako."

"Kila siku wakubwa mnaanza na wakubwa," Nyokabi alisema, akarudi kwa nyama yake.

* * *

Lawrence alikuja amevaa tai, viatu vinang'aa hata kwa vumbi lile. Nelima alilitoa shuka, wakasimama watatu mbele ya ubao.

Aliyeichora hakuwa na mzaha. Katikati kulikuwa na gari la vita, la chuma tupu, limezama matopeni hadi mhimili, na kila nati ya gurudumu lake ilikuwa imechorwa, ungeweza kuchukua spana na kuzifungua. Juu yake ndege inamwaga magunia kwa miavuli. Kando, askari ameshika bomba la kutema moto, na moto wenyewe mwekundu, unachoma macho. Mwingine amebeba simu ya upepo mgongoni, waya wake umesimama kama mkia wa paka. Vitu vipya vyote vya vita ile vilikuwa pale, vimenyooka, vinang'aa.

Chini yao walipita watu. Hao hawakung'aa. Walikuwa wa kahawia na weusi, wamesuguliwa kwa kidole zaidi kuliko kuchorwa. Miguu imefungwa matambara. Mmoja anajitoa miruba shingoni. Mmoja amekaa, ameshika masikio yake mawili, kwa ile kengele inayolia masikioni mtu akimeza kwinini ya malaria. Wanne wamebeba machela, na aliyelala juu yake mkono mmoja umening'inia. Dereva alikuwa ametokeza nusu juu ya gari, uso umeelekea machela, na machozi yamechimba njia mbili mashavuni.

Jambo moja tu lilimkera Nelima. Mbebaji wa mbele, peke yake kati ya wale watu wote, alikuwa wa rangi ile ya gari, amenyooka kama mlingoti, mabega kama yamepimwa kwa rula. Wenzake wote walikuwa wamepinda. Alidhani mchoraji alichoka.

"Hapa, Madam," Lawrence alisema, akaonyesha pembe ya chini. Mistari miwili midogo myekundu imesimama, na nukta katikati. "Hiyo ni sahihi ya babu. Hakujua kuandika. Alikuwa mbeba machela, basi mistari ni ile miti miwili ya machela, na nukta ni mgonjwa. Sasa Kinuthia angeweka alama kama hiyo kwa nini?"

Nelima aliipenda hoja hiyo. Aliipenda kiasi cha kuitilia shaka.

"Ulimwona akiiweka mahali pengine? Kwa barua, kwa kitambulisho?"

"Sikumwona."

"Na hizi chale huku nyuma?"

"Hizo ni za vita. Visu vya bunduki za Wajapani."

Waweru alipatwa na kikohozi, akaenda kukimalizia dirishani.

"Uliiona wapi hii picha mara ya kwanza?"

"Nyumbani kwa babu, siku tulipomzika. Nilikuwa mtoto. Ilikuwa imeegemezwa nyuma ya jikoni, imelowa maji. Nikasimama nayo hadi wakaja kuniita nikale. Kesho yake haikuwepo." Alilegeza tai. "Madam, babu hakuacha medali. Hakuacha hata picha ya pasipoti. Mimi watoto wangu nikiwaambia alipigana, wananiuliza iko wapi. Sitaki pesa ya mtu. Nataka jina lake lisomwe hapo ukutani, mara moja."

"Alikuwa anakuambia nini juu ya vita?"

"Miguu. Kila siku miguu. Jinsi inavyooza ndani ya buti, jinsi unavyoivuta soksi inakuja na ngozi. Na uzito wa mtu anapokufa ukiwa umembeba, alisema unazidi, uwe umesoma ama hujasoma utaujua."

"Na mashine? Hii ndege, hili gari?"

Lawrence alifikiri. "Hakuwa na majina yao. Alikuwa anasema 'ile kitu'. Ile kitu ikanguruma, ile kitu ikatema moto. Ukimuuliza zaidi anasema, hayo muulize Spana."

"Spana ni nani?"

"Rafiki yake wa jeshini, wakaja kufanya kazi pamoja shambani kwa mzungu huko kijijini Ziwa. Jina la nyumbani silijui. Nilikuwa mdogo."

Alipotoka, Nelima alimwita Waweru karibu na ubao. "Wewe umezaliwa Ziwa. Tazama hii rangi ya gari."

Waweru hakuchukua muda. "Hii ni ya trekta. Hii kijani, na huu wekundu wa moto. Baba yangu alikuwa nayo kwa mkebe, tulipaka hadi kiti cha choo."

"Na ya watu?"

Alinusa, akasugua kidogo. "Hii ni rangi ya viatu. Na masizi."

"Na hiyo alama ya pembeni?"

Hapo Waweru alishindwa. Haikuwa ya trekta wala ya viatu. Ilikuwa laini, inameta kama peremende iliyolambwa. Nelima aliisogeza kwenye mwanga. Pembe ile ilikuwa na mikwaruzo ya kale, na wekundu ule ulikuwa umelala juu ya mikwaruzo, umeijaza. Basi alama ilikuja baada ya ubao kuchakaa. Mtu hapaki sahihi miaka mingi baada ya kazi. Aliliweka na hilo mfukoni.

* * *

Mama Nyaguthii alikuwa amekaa chini ya hema na kitambaa chake kipya kichwani, kifurushi kikubwa miguuni.

"Umebeba nini, Mama?"

"Blanketi, mwanangu. Na chupa ya chai na Biblia. Nimesikia simiti ya huko kwenu ni baridi."

"Shosho, hakuna mtu amesema unalala seli," Waweru alisema.

"Wewe nyamaza, baba yako nilimkopesha mbegu ya viazi." Alimgeukia Nelima. "Uliza."

"Nani alichora ile picha?"

"Kinuthia. Nilipoolewa niliikuta ukutani, chumbani kwake kule Ziwa. Yeye ndiye alikuwa dereva wa trekta wa mzungu. Tulipohamia hapa, nyumba ikawa ndogo, tukaiweka stoo. Juzi mwalimu alipokuja kuuliza vitu vya vita, nikaikumbuka, nikaitoa, nikaisugua na maji ya moto. Ilikuwa na uchafu, sijui wa nini."

"Na ile alama nyekundu?"

"Siijui. Nisingekudanganya, siijui kabisa."

Mbele ya hakimu jibu hilo lingemzamisha, na alilitoa bila kupepesa.

"Stoo yenyewe, ufunguo uko kwa nani?"

"Stoo haina ufunguo, ina kamba. Akina mama wa chama ndio wanaweka masufuria na viti vyao."

Nelima alitikisa kichwa polepole. "Kinuthia alikuwa anasimulia vita?"

Uso wa mama ulifunguka. "Wewe, huyo mtu. Alikuwa akianza na hilo gari lake la chuma, chai inapoa. Injini inalala namna gani, gia inaingia namna gani, ndege inaangushaje unga na gunia lisipasuke. Yeye alisema hakuna fundi aliyezaliwa na mwanamke angeitengeneza hiyo ndege, na tena akakuchorea chini kwa kijiti vile ilitengenezwa."

"Na watu? Walioumia?"

Mama Nyaguthii alikunja ncha ya kitambaa chake. "Hapana. Watu hakuwasema. Nilimuuliza siku moja, mliumia sana? Akaniambia lile gari lilikuwa linakula galoni moja kwa maili sita." Alicheka kidogo, na kicheko hakikufika mwisho. "Sikuuliza tena."

Nelima alikuwa amefungua mdomo aseme jambo, Nyokabi akamwekea sahani mapajani. Mukimo wa viazi na mahindi vilivyopondwa, nyama, mchuzi hadi ukingoni.

"Niko kazini, Mama."

"Kazi haiibiwi. Kitu kinachoibiwa hapa ni ubao. Kula."

Hapo Kiplombe ukikataa chakula cha shughuli wanakuombea. Nelima alikula. Alikula vizuri pia, maana tangu asubuhi alikuwa na chai ya kituo tu tumboni, na chai ile inajulikana. Alisafisha mchuzi kwa kipande cha mwisho cha mukimo, akaigeuza sahani kuiweka juu ya nyingine zilizotumika.

Mkono ukasimama hewani.

Chini ya sahani, mistari miwili midogo myekundu imesimama, na nukta katikati.

Aligeuza ya pili. Ya tatu. Akainuka, akaenda kwenye masufuria yaliyofunikwa kando ya moto, akachuchumaa kama mtu anayetafuta yai. Kila sufuria chini ilikuwa na mistari miwili na nukta.

"Nyokabi," aliita, sauti yake ya chini. "Hii ni nini?"

"Ni alama ya chama chetu. Ukipeleka vyombo kwa harusi ama matanga bila alama, utarudi nyumbani na vifuniko vya watu. Wale wa kule chini wana mistari mitatu. Sisi ni miwili na nukta. Nukta niliiongeza mimi, kwa sababu wale wa chini ni wajanja, mstari mmoja ni rahisi kuongeza."

"Unaweka na rangi gani?"

Nyokabi alimwonyesha kucha zake. Zilikuwa nyekundu, zinameta kama peremende. "Kuteksi. Haitoki hata ukisugua na majivu."

"Na ubao wenu wa nyama ulikuwa na alama?"

"Sasa utauachaje bila? Niliweka mimi mwenyewe, zamani. Pale chini, kwenye pembe."

"Chini, upande usiokatiwa."

"Ee. Alama inawekwa chini. Upande wa juu ni wa chakula."

"Na huko chini kulikuwa na nini kingine?"

Nyokabi aliinua mabega. "Rangi rangi fulani. Mimi naangalia nyama."

Waweru alikuwa ameshaelewa, na alikuwa anajishika mbavu.

* * *

Nelima aliwakusanya chumbani: Lawrence, Mama Nyaguthii, mwalimu Janice na karatasi yake ya jina iliyokuwa bado tupu, na Nyokabi na kisu chake. Aliugeuza ubao ukutani, nyuma ikawa mbele. Nyokabi alipiga kelele ya furaha kama aliyeona ndugu yake kwenye stendi.

"Ubao wangu!"

"Mlikuwa mnakatia nyama juu ya Kinuthia?" Mama Nyaguthii aliuliza.

"Shosho, nyuma yake tu," Waweru alisema. "Mbele tumemheshimu."

Chumba kilijaa kicheko, hata mama mwenyewe alijifuta macho kwa kitambaa kipya. Lawrence peke yake hakucheka. Nelima alimgeukia.

"Siku ya mazishi ya babu yako, chama kilipeleka vyombo. Ubao ulikatiwa nyama, ukaoshwa, ukaegemezwa jikoni ukauke. Ndipo ukauona. Kesho yake ukarudi stoo na masufuria. Hakuna mtu aliyeiba. Na alama si ya babu yako, ni ya Nyokabi."

"Basi ni ya Kinuthia," Lawrence alisema. Aliikunja tai yake mkononi, akaikunjua. "Nimemsumbua mama wa watu bure. Nafuta hayo mashtaka. Samahani, Mama."

"Ngoja," Nelima alisema. "Nimemaliza kesi ya Nyokabi. Yako bado."

Aliugeuza tena ubao, picha ikawatazama.

"Hapa kuna mikebe miwili. Mashine zote ni rangi ya trekta, zimepigwa kwa rula. Aliyezichora alizijua kwa majina. Watu ni rangi ya viatu na masizi, wamechorwa kwa kidole, na aliyewachora aliijua miguu yao. Mama, bwana yako hakuwahi kukusimulia mtu hata mmoja. Lawrence, babu yako hakuwa na jina la mashine hata moja. Nilifikiri mmoja alianza, mwingine akaja kumalizia. Lakini tazameni hapa, mguu wa huyu umepita juu ya gurudumu. Na hapa, gurudumu limepita juu ya mguu wa yule. Walikaa pamoja. Huyu akichora, anampisha mwenzake, wanapokezana."

"Kinuthia na nani?" Mama Nyaguthii aliuliza.

"Babu ya Lawrence. Lawrence, yule rafiki aliitwaje?"

"Spana."

Mama Nyaguthii aliinuka kitini peke yake, jambo ambalo Waweru alisema baadaye hajaliona tangu uchaguzi uliopita. "Nani amekupa hilo jina, kijana? Jina hilo lilikuwa la Kinuthia, la jeshini. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemwita hivyo, anakuja kutoka upande wa ng'ombe jioni, anaita dirishani, Spana, Spana. Mrefu. Alikuwa ananibebea maji bila kuombwa."

"Alikuwa akikamua ng'ombe," Lawrence alisema. "Babu alikuwa mkamuaji."

"Sasa kuna makosa mawili kwenye picha hii," Nelima alisema, "na yalinisumbua. Mtu mmoja tu kati ya watu amechorwa kwa rangi ya trekta na rula. Ni huyu mbebaji wa mbele. Na kuna mtu mmoja tu ndani ya mashine aliyechorwa kwa kidole na rangi ya viatu. Ni dereva."

Aliwaacha wasogee wenyewe.

Lawrence aliinamia mbebaji wa mbele kwa muda mrefu. Mabega yalikuwa mapana, yamenyooka, na kwenye kila goti fundi alikuwa ameweka nati ndogo, kama goti lingehitaji kukazwa.

"Babu," alisema. "Amemfanya kama jeki."

"Alimfanya kitu kisichovunjika," mwalimu Janice alisema.

Mama Nyaguthii hakuuangalia mlingoti wa mtu. Alikuwa kwa dereva. Aliweka kidole chini ya uso ule mdogo, bila kuugusa, akakipitisha kufuata ile njia ya chozi hadi kidevuni.

"Niliishi naye miaka yote ile," alisema. "Huu uso sikupewa kuuona. Alimwonyesha huyo wa ng'ombe." Halafu akatabasamu, meno yake mawili yote. "Afadhali alikuwa na mtu."

Nje honi zililia, tatu, nne. Mgeni rasmi alikuwa amepata soksi. Mwalimu Janice aliinamia karatasi yake akaandika majina mawili, mstari mmoja, na alipouliza lipi litangulie Mama Nyaguthii alisema aanze Nicanor, maana yeye ndiye mgeni kwake, ndiyo adabu.

"Blanketi langu nani atanirudishia nyumbani?" aliuliza.

"Mimi, Mama," Lawrence alisema. "Na nitakuja Jumapili na watoto, uwaambie juu ya huyo aliyekubebea maji."

Ubao ulikuwa mzito. Waweru alishika nyuma, Lawrence akavua koti akashika mbele, wakaulaza sawa, picha imetazama juu, wakatoka nao mlangoni kuelekea ukumbini, watu wakipisha njia pande mbili. Lawrence alikuwa ametangulia, mgongo umenyooka, mabega kama yamepimwa.

"Tazama anavyotembea," Mama Nyaguthii alimwambia Nelima. "Kinuthia hakukosea hata mstari."

"Na mimi?" Nyokabi alisema nyuma yao. "Kesi yangu imekwisha, ubao umepatikana, na unakwenda ukutani. Mbuzi wawili bado hawajakatwa."

Nelima alimtazama yule mzee wa kanisa, aliyekuwa bado amesimama kando ya kiti chake.

"Endelea na kiti," alisema. "Nitaongea naye."

Halafu akageuka aingie kuona shuka likivutwa, akakuta nafasi yake nyuma ya picha imeshachukuliwa. Jibwa la kahawia lilikuwa linafuata ule msafara hatua kwa hatua, taratibu, ulimi nje, kama mfiwa wa karibu.